Jinsi ya kupata wazo jipya kwa kufananisha vitu visivyofanana

Pita Mtaa wa Congo, Kariakoo, Dar es Salaam, siku yoyote ya kazi, uangalie wauza nguo. Mmoja akitundika magauni juu ya mlango, baada ya muda mfupi mtaa mzima umetundika. Mmoja akileta spika ya kuitia wateja, haupiti muda spika zinapigiana kelele pande zote mbili. Watu hawa ni werevu, na kuigana kwao ni sehemu ya werevu huo. Lakini jirani unayemwiga anauza unachouza wewe, ananunua kwa tajiri yuleyule, anawakimbilia wateja walewale. Cha kujifunza kwake kinakwisha upesi.

Ukitaka wazo ambalo jirani hana, litafute mahali ambapo jirani hana sababu ya kutazama. Ndiyo kazi ya milinganisho isiyozoeleka: unalichukua tatizo lako la chakula, la darasa, la gereji au la ofisi, unaliweka kando ya kitu kisichohusiana nalo, kisha unauliza kitu kile kinafanyaje kinapofikwa na shida kama hiyo. Mwaka 1961 Mmarekani William Gordon alichapisha mbinu ya namna hii aliyoijenga na wenzake, akaiita sinektiki. Baadhi ya hatua zilizo hapa chini zinatoka kwake. Nyingine zinatoka kwa bibi zetu waliotutegea vitendawili kabla ya kulala, na kwa maoni yangu hizo ndizo kali zaidi.

Nitafuata tatizo moja mwanzo hadi mwisho ili hatua zionekane. Tuseme ni la mama ntilie mwenye banda la chakula karibu na gereji za Gerezani. Wewe weka la kwako mahali pa lake kadiri unavyosoma.

Hatua ya 1: Liandike tatizo kwa vitendo

Usiandike "biashara ngumu". Hilo ni lalamiko, na lalamiko huwezi kulifananisha na kitu. Andika nani anafanya nini, wapi, saa ngapi, na panapokwama ni wapi. Mama yetu akikaa na daftari ataandika hivi:

"Saa saba kasoro mafundi wote wanatoka kwa pamoja. Wanasimama mbele ya sufuria. Namuuliza kila mmoja anakula nini, napakua, napokea hela, natafuta chenji, nanawa, napakua tena. Wa nyuma wanachoka, wanaenda kwa mwenzangu. Saa tisa wali umebaki nusu sufuria."

Soma tena polepole. Fundi aliye wa kumi na tano kwenye mstari hasubiri wali. Wali umeiva tangu saa tano. Anasubiri chenji ya mtu mwingine. Tatizo lililoandikwa kwa hisia lingesema "wateja hawana subira" na mama angeishia kuwalaumu. Lililoandikwa kwa vitendo limeonyesha mkono mmoja unaofanya kazi mbili. Kabla hatujafananisha chochote, tayari tumepata kitu.

Usiikimbie hatua hii. Nikikaa na watu kutafuta mawazo, muda mwingi kuliko wote unakwenda hapa, nao hulalamika kwamba hatujaanza.

Hatua ya 2: Futa majina, utege kitendawili

"Kuku wangu katagia miibani." Jibu: nanasi. "Nyumba yangu kubwa haina mlango." Jibu: yai. Tazama alichofanya mtega kitendawili. Ameliondoa jina, rangi, ladha na matumizi. Amebakiza mpangilio tu: kitu kimekaa katikati ya miiba, kitu kimefungwa pande zote. Mpangilio huo ukibaki peke yake, nanasi linaweza kukaa jirani na kuku, vitu viwili ambavyo sokoni havikai kapu moja.

Fanya vivyo hivyo na tatizo lako. Chukua maelezo ya hatua ya kwanza, ufute kila neno linalotaja kazi yako: wali, mteja, sahani, hela. Kinachobaki kwa mama ntilie ni kama hiki: "Nina mlango mmoja, wageni wangu wanafika wote kwa wakati mmoja, na bawabu ndiye mpishi."

Sasa mtegee mtu. Mtegee mtoto aliyerudi shule, shangazi anayechambua mchele, wazee wa kijiwe cha kahawa. "Kitendawili!" "Tega!" Watakupa majibu: daladala ya Mbagala jioni, pantoni, geti la Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga, mzinga wa nyuki, zahanati, kinyozi Jumamosi. Kwenye mchezo wenyewe aliyekosea hutakiwa atoe mji. Hapa kila jibu lisilo sahihi ni mali yako: liandike, usilipinge, usieleze jibu lilikuwa nini mpaka wamalize. Ukitaja mapema kwamba unazungumzia chakula, wote watarudi kwenye chakula na mchezo umekwisha.

Watoto ndio wazuri kuliko wote kwa hatua hii. Mtu mzima akisikia kitendawili kipya hujaribu kwanza kukisia unataka aseme nini.

Hatua ya 3: Chagua cha mbali, ukakione

Katika majibu uliyoandika, chagua kimoja. Kipimo ni hiki: sura yake iwe mbali na kazi yako, utendaji wake uwe karibu. Banda lingine la chakula liko karibu mno, litakupa unachokijua. Mzunguko wa mwezi uko mbali, lakini hauna mlango wala wageni, hautakupa kitu isipokuwa maneno mazuri. Pantoni ya Kigamboni iko mbali kwa sura, haina moto wala sufuria, ila kila siku inapokea umati unaofika kwa pamoja na kupita mlango mmoja.

Usitegemee mlinganisho utakujia wenyewe. Mwaka 1980 watafiti Mary Gick na Keith Holyoak waliwapa watu hadithi ya jemadari anayetaka kuiteka ngome. Njia zote za kuingia zimetegwa mabomu yanayolipuka jeshi kubwa likipita, basi anagawa jeshi vikundi vidogo, kila kimoja kinapita njia yake, wanakutana ngomeni. Baadaye watu haohao wakapewa tatizo la daktari mwenye mionzi inayoweza kuua uvimbe tumboni lakini itaunguza na nyama isiyo na ugonjwa inapopita. Jibu ni lilelile: mionzi dhaifu kutoka pande nyingi, ikutane kwenye uvimbe. Wengi hawakuona uhusiano, ingawa hadithi wametoka kuisoma. Walipodokezwa tu kwamba hadithi ile inaweza kusaidia, walio wengi walipata jibu. Kitu cha kufananishia kinaweza kuwa kimekaa kichwani mwako kikikungoja ukiulize.

Kisha nenda ukakione. Sisitizo langu kubwa ni hilo. Usifananishe na pantoni ya kukumbuka. Shuka Feri, pantoni inapopakia abiria, ukasimame pale nusu saa ukiwa na daftari. Kumbukumbu itakupa bahari na upepo. Macho yatakupa mambo ya kazi: kwamba abiria wanamalizana na nauli kabla ya kufika kwenye chombo, na hakuna anayetafuta chenji akiwa mguu mmoja majini. Kwamba wanangoja pamoja mahali palipotengwa. Kwamba wanaoshuka wanamaliza kwanza, ndipo wengine wanapanda. Kwamba magari, bajaji na maguta yana njia yake na watembea kwa miguu wana yao. Kwamba chombo hakiondoki na mtu mmoja.

Hatua ya 4: Hamisha kimoja kimoja

Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika ulichokiona, kulia uulize: kwangu mimi hiki ni nini? Usiruke hata kile kinachoonekana hakina maana.

Nauli kabla ya chombo: msaidizi anapita kwenye mstari, anauliza kila fundi anakula nini, anapokea hela au anamwonyesha lipa namba, anampa kifuniko cha soda kilichopakwa rangi. Chekundu wali maharage, cha buluu ugali samaki, cheupe wali nyama. Fundi akifika mbele anaweka kifuniko mezani bila neno, mama anapakua. Mkono wake haugusi hela kabisa.

Mahali pa kungojea: benchi ubavuni mwa banda, na ndoo ya maji ya kunawa ihamie hapo. Mafundi mikono yao ina grisi. Kunawa kwao si kwa dakika moja. Wanawe wakiwa wanangoja.

Wanaoshuka kwanza: beseni la sahani chafu liwekwe upande wa kutokea, wasipishane na wanaoingia wakiwa wamebeba sahani zenye mabaki.

Njia mbili: wanaofungashiwa chakula wakale gereji wawe na mstari wao, na chakula chao kifungwe kabla ya saa saba.

Chombo hakiondoki na mtu mmoja: kupakua sahani kumi za wali maharage kwa mpigo. Hapa mama atasimama. Wali uliopakuliwa mapema unapoa, na mafundi wa Gerezani hawali wali wa baridi kwa hela yao. Hilo lifutwe bila huruma. Mlinganisho ukitoa mambo matano na manne yakafaa, ni mavuno makubwa. Mara nyingi utapata moja.

Na ukikwama, geuza. Kiwanda cha Henry Ford kule Highland Park, Marekani, kilipoanza kuunda magari kwa mstari unaotembea mwaka 1913, mmoja wa mifano iliyowaongoza ni machinjio ya Chicago. Kule ng'ombe alining'inizwa na kupita mbele ya wachinjaji, kila mmoja akikata kipande chake, mpaka ng'ombe akaisha. Wao wakafanya kinyume: gari linapita, kila mtu anaongeza kipande mpaka limekamilika. Muda wa kuunga chasisi moja ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi kama saa moja na nusu. Hakuna fundi wa magari ambaye angejifunza hilo kwa kutazama karakana ya fundi mwenzake.

Hatua ya 5: Tafuta panapovunjika

Hakuna mfano unaolingana mia kwa mia, na panapovunjika pana faida yake. Abiria wa Feri akichoka kungoja na akataka kupita nchi kavu, lazima azunguke mpaka Daraja la Nyerere. Fundi mwenye njaa akichoka, banda jingine liko hatua kumi mbele. Kwa hiyo pantoni inaweza kumngojesha mtu, mama hawezi. Ukishaona hivyo, swali jipya linazaliwa: ni wapi watu wanangoja kwa hiari, hata kama jirani pana huduma hiyohiyo? Jibu limo kwenye orodha ya vitendawili: kwa kinyozi. Pale kijana anaingia, anauliza "nani wa mwisho?", anakaa, anatazama mpira, na nafasi yake haipotei hata akitoka kununua soda. Benchi la mama sasa limepata kazi ya pili.

Mlinganisho unaweza pia kukupa wazo zuri hata kama ulikielewa vibaya kitu ulichofananisha nacho. Harare, Zimbabwe, kuna jengo linaloitwa Eastgate, lililokamilika mwaka 1996. Msanifu wake, Mick Pearce, alichukua wazo kwenye kichuguu cha mchwa. Hewa baridi ya usiku inapitishwa ndani, zege inaushika ubaridi huo, mchana unawapoza watu bila mitambo ya kawaida ya viyoyozi. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba vichuguu havifanyi kazi kama ilivyodhaniwa wakati ule. Jengo linaendelea kuwapoza watu. Ndiyo maana wazo likishatoka kwenye mlinganisho lazima lipimwe lenyewe, kwa kazi yake, na usilitetee kwa kusema "mbona mchwa wanafanya hivi".

Ukikosa pa kuanzia: njia tatu nyingine

*Jifanye kitu chenyewe.* Gordon aliipenda njia hii, nami naipenda pia, ingawa watu wazima huona aibu. Usiwe mama wala mteja, uwe sahani. Sema kwa sauti: "Mimi ni sahani. Nimeoshwa, nimewekwa chini ya meza, mama anainama kunichukua, anainuka, ananipakulia, nakwenda benchini, naliwa kwa dakika chache, kisha nakaa na mabaki juu ya benchi mpaka mtu anikumbuke." Sahani itakwambia kuhusu mgongo wa mama unaoinama kila mteja anapofika, jambo ambalo mama mwenyewe ameshalizoea.

*Tafuta maneno mawili yanayogombana.* Unachotaka kieleze kwa maneno ambayo kwa kawaida hayakai pamoja: haraka tulivu, foleni iliyokaa, ukali wenye upole. Kisha uliza ni wapi duniani maneno hayo yamepatana. Madaktari wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, walikuwa na shida ya namna hiyo: mtoto aliyetoka kupasuliwa moyo anahamishwa kwenda chumba cha uangalizi maalumu, waya na mirija inahamishwa, taarifa zinakabidhiwa, wote wakiwa mbiombio. Haraka tulivu waliiona kwenye mashindano ya magari ya Formula One, pale gari linaposimama kubadilishwa matairi. Wakafanya kazi na timu ya Ferrari, wakachukua mambo ya utendaji: kiongozi mmoja anayejulikana, kila mtu na nafasi yake, na orodha ya kufuata. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha makosa yamepungua. Mwendo kasi wenyewe waliuacha uwanjani.

*Anzia kwenye jambo linalofanikiwa sana mtaani kwako.* Dar es Salaam hatujui kuchangia taka, lakini tunajua kuchangia harusi. Mtu anayelalamikia ada ya usafi anatoa laki kwa harusi ya mtoto wa mfanyakazi mwenzake. Kwa nini? Keti uichambue kamati ya harusi kama ulivyoichambua pantoni. Kuna kadi yenye jina lako. Kuna ahadi unayoitamka mbele ya wengine kikaoni. Kuna orodha kwenye kundi la WhatsApp ambayo mwekahazina anaisasisha, aliyetoa anaonekana na asiyetoa anaonekana. Kuna tarehe isiyosogezeka. Kuna kula.

Sasa chukua vijana wanaotaka kuzibua mtaro wa mtaa wao bondeni mwa mto Msimbazi kabla nyumba hazijaingia maji. Kadi wanaweza kuchapisha. Orodha wanaweza kuiweka. Tarehe ndiyo inayokosekana kwenye miradi mingi ya mtaa, kila mwezi mtu anasema "tutaona mwezi ujao". Lakini tarehe ipo: masika huanza Machi, wala haombwi mtu ruhusa. Kamati ya mtaro ipange vikao kurudi nyuma kutoka hapo, kama harusi inavyopangwa kurudi nyuma kutoka siku ya ukumbi. Na mlinganisho unavunjika wapi? Mtaro ukizibuliwa hakuna anayekula pilau. Basi wapike pilau.

Angalia mfano uliokwisha kukaa mdomoni mwako

Mara nyingi tunadhani hatujafananisha chochote, kumbe tumefananisha siku nyingi. Mwaka 2011 Paul Thibodeau na Lera Boroditsky walichapisha majaribio ambamo watu walisoma habari za uhalifu wa mji mmoja. Kundi moja liliambiwa uhalifu ni mnyama anayewinda, jingine kwamba ni kirusi kinachoambukiza. Walioambiwa mnyama walielekea zaidi kwenye kukamata na kufunga. Walioambiwa kirusi walielekea zaidi kwenye kutibu chanzo.

Kwetu unasikia "biashara ni vita". Mwenye kuamini hivyo hawezi kumfuata jirani wa Mtaa wa Congo wakaagize kontena pamoja, kwa sababu vitani huagizi risasi na adui. Unasikia foleni ya magari ikisemwa kama bomba lililoziba, na anayesema hivyo atawaza kupanua bomba tu. Foleni hiyohiyo ukiifananisha na mafundi wanaotoka wote saa saba, utaanza kuuliza kwa nini ofisi na shule zinafungua zote kwa wakati mmoja. Andika neno unalolitumia kila siku kwa tatizo lako, kisha jaribu kulieleza bila neno hilo.

Hatua ya 6: Lijaribu moja, kwa udogo

Usihamishe yote manne kwa siku moja. Mama aanze na vifuniko vya soda peke yake, wiki moja, kwa sababu havigharimu ila rangi na havimtaki avunje banda. Kabla ya kuanza ahesabu kwa siku chache sahani alizouza na mafundi walioondoka mstarini bila kula. Msaidizi anaweza kuweka alama ukutani kwa chaki. Wiki ya vifuniko ahesabu tena vilevile. Hesabu ikipanda, aongeze benchi na ndoo. Isipopanda, aangalie kwanza kama mafundi walivielewa vifuniko, maana wazo zuri hufa kwa rangi mbili zinazofanana. Kama walivielewa na bado hakuna kitu, aiache pantoni, arudi kwenye orodha ya majibu ya watoto, achague la pili, na kama ni geti la Uwanja wa Mkapa aende siku ya mechi, mapema, kabla watu hawajajaa.